Maji ya mvua kuzunguka tangi la dizeli

Jamani, leo shambani nusura mfereji wa watu uingie dizeli.

Huku Uingereza, shamba likihifadhi dizeli zaidi ya lita 1,500, tangi lazima lizungushiwe ukuta usiopitisha mafuta, wenye uwezo wa kubeba asilimia 110 ya ujazo wa tangi. Tena likae angalau mita 10 kutoka mtoni au mferejini.

Sasa hizi mvua zimejaza maji kati ya tangi na ukuta, karibu nusu ya ukuta. Tangi likipasuka leo, nafasi haitoshi, mafuta yanamwagikia nje tu.

Kijana mmoja mgeni kaleta pampu, mpira kauelekeza moja kwa moja mferejini. Msimamizi wetu, mzee wa maneno machache, akamzuia. "Ngoja kwanza."

Akaokota kijiti, akapitisha juu ya maji.

Utando ukaachana: zambarau, kijani, rangi ya dhahabu. Halafu taratibu ukajiunga tena, kana kwamba hakuna aliyeugusa.

Mafuta hayo. Yalikuwa yanavuja kwenye kiungo cha mpira wa kujazia, tone kwa tone, chini kabisa ambako hakuna anayeinama kuangalia.

Pampu imerudi stoo. Limeitwa gari la kunyonya maji machafu, na bosi alivyotajiwa bei... mimi nikajifanya nakagua tairi la trekta.

Haya, nyie wenye mapipa ya dizeli ya pampu za umwagiliaji huko nyumbani, mnayaweka wapi? Chini mmeweka nini? Tupieni picha tuone.