Gesi ya AC haiishi, inavuja

Nilijaza gesi ya AC mara tatu ndani ya miezi mitano. Mara ya kwanza Oktoba, ya pili baada ya Krismasi, ya tatu Februari, jua la kaskazi limeishika Dar es Salaam na foleni ya Tazara haisogei. Kila mara fundi aliunganisha geji, akafungulia mtungi, akaweka kiganja kwenye matundu ya dashibodi na kuniambia, "Dada tayari, inapiga barafu." Nililipa elfu hamsini yangu nikaondoka nimefurahi. Wiki chache zikipita, hewa ya moto tena.

Ningekuwa naendesha peke yangu ningevumilia. Lakini kila baada ya wiki mbili nampeleka mama kliniki, na mama ana pumu. Tukifungua vioo, vumbi na moshi wa malori vinamkohoza. Tukifunga, ndani panakuwa tanuri. Safari ya mwisho ya Februari alifika hoi, kitenge kimemganda mgongoni, halafu yeye ndiye akaniomba radhi: "Nakusumbua, mwanangu." Usiku ule sikulala mpaka nilipoelewa AC ya gari inafanyaje kazi.

Gesi ile haichomwi kama petroli. Inazunguka tu. Kompresa inaibana, kondensa iliyo mbele ya rejeta inaitoa joto mpaka inakuwa kimiminika, inapita kwenye kitundu chembamba cha vali, inachemka ndani ya evapereta nyuma ya dashibodi ikinyonya joto la chumba, kisha inarudi ilikotoka. Gesi ya gari langu, R134a, huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, na ndiyo maana inaweza kupoza. Mfumo ukiwa mzima, gesi ileile hudumu miaka. Ikiisha kwa mwezi mmoja, pana tundu. Nami nilikuwa nateka maji kwa pakacha.

Kesho yake nilifungua boneti, nikachukua tochi. Nilikuwa nimesoma kwamba gesi husafiri na mafuta ya kompresa, kwa hiyo pale inapovujia huacha mafuta, na mafuta hushika vumbi. Nikafuata bomba moja baada ya jingine. Kwenye vali ya kujazia, kifuniko hakikuwepo. Mmoja wa wale mafundi hakukirudisha. Halafu chini kabisa kwenye kona ya kondensa, kule bampa linakofichia, nikaona doa jeusi lenye ukubwa wa sarafu ya shilingi mia. Kondensa yote ilikuwa na vumbi kavu la kijivu, ila pale vumbi lilikuwa limekuwa tope. Nikaligusa, kidole kikateleza.

Mafundi wawili wa magari niliowaeleza walitaka tuongeze gesi kwanza. Mwingine alisema tupige upepo wa matairi ndani ya mabomba tuone. Nilikataa, kwa sababu upepo ule umebeba unyevu, na unyevu ukiingia humo hautoki kirahisi. Niliyekuwa namtafuta nikampata mtaani kwetu, fundi wa mafriji, kwa sababu yeye alikuwa na mtungi wa naitrojeni wenye kipunguza mgandamizo. Naitrojeni ni kavu na haiwaki. Alinionya nisimruhusu mtu yeyote kutumia oksijeni ya kuchomelea: ikikutana na mafuta chini ya mgandamizo inaweza kulipuka.

Alipofunga geji, mshale ulikuwa karibu na sifuri. Hata gesi ya kuitoa na kuihifadhi kwenye mtungi kabla ya kazi haikuwepo. Akajaza naitrojeni mpaka geji ikasoma mgandamizo wa psi 150, akakoroga sabuni ya maji ya vyombo, akaanza kupaka kwa brashi. Kwenye vali ya kujazia puto moja lilivimba polepole, likafika ukubwa wa punje ya dengu, likapasuka. Kwenye ile kona tulisubiri. Nilikuwa nimeanza kukata tamaa, na ndipo povu jeupe laini likaanza kupanda, kama maziwa yanayokaribia kuchemka. Kibano cha chuma kilikuwa kinasugua kijibomba cha aluminiamu kila gari likitikisika, mpaka kikakitoboa.

Niliuliza kama panaweza kuchomelewa. Akasema, "Panachomeleka, dada, lakini pembeni pameshaliwa. Utarudi." Nikaenda kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani nikanunua kondensa mpya, iliyokuja na kikaushio chake cha kunyonya unyevu, sindano ya vali ya kujazia, na oringi za R134a, vile vipete vya mpira vya kuziba maungio. Oringi tulizipaka mafuta ya kompresa kabla ya kukaza, maana ikikazwa kavu hujikunja na kukatika. Kile kibano alikivisha mpira. Tukajaza naitrojeni tena, tukaliacha gari usiku kucha. Asubuhi mshale ulikuwa palepale, nami nikapumua, kwa sababu ile ilimaanisha evapereta nayo ni nzima na dashibodi haitang'olewa.

Sehemu iliyofuata ndiyo ambayo zile mara tatu hakuna aliyeifanya. Aliwasha pampu ya kunyonya hewa kwa dakika 45, akafunga koki, tukasubiri nusu saa kuona kama mshale unarudi. Haukurudi. Hewa ikinyonywa kiasi hicho, maji yaliyomo huchemka bila moto na kutoka kama mvuke. Yakibaki, huganda kwenye kile kitundu chembamba cha vali, na yakichanganyika na mafuta na gesi huzaa asidi inayokula mfumo kutoka ndani. Kisha akarudisha mafuta kidogo badala ya yaliyotoka na kondensa ya zamani, akaweka mtungi juu ya mizani. Kibandiko chini ya boneti kinasema gramu 450. Zikaingia 450, si kwa kukisia kwa mkono.

Kazi yote ilizidi kidogo tu fedha ya zile jaza tatu. Ila kuna hasara nyingine inayonikera zaidi. R134a haitoboi tabaka la ozoni kama R12 ya zamani, lakini kilo moja hupasha joto dunia sawa na kilo 1,430 hivi za kaboni dayoksaidi. Ndiyo maana gesi za jamii yake zimewekwa kwenye Marekebisho ya Kigali ya Oktoba 2016, makubaliano ya kimataifa yanayotaka zipunguzwe hatua kwa hatua. Zile jaza tatu nilizimwaga hewani, na kila fundi anayeongeza gesi bila kutafuta tundu anafanya hivyohivyo kila siku. Ukienda gereji, muulize fundi kwanza: gesi inavujia wapi? Akikosa jibu, usimruhusu afungue mtungi.

Gari lilipowashwa nilisimama karibu na kompresa nikasikiliza. Gesi ikipungua, swichi ya mgandamizo huizuia kompresa isishike, na mimi mlio wake nilikuwa nimeusahau. "Ta!" ikashika. Sasa ni mwezi wa kumi na nne, na bado inashika.