Ziwa nalionea mlangoni, maji nanunua kwa dumu

Mgeni akija kwangu mara ya kwanza lazima asimame pale kwenye jiwe la nje, atoe simu, apige picha. Simlaumu. Huku Igogo juu, mlimani hapa Mwanza, Ziwa Victoria unaliona lote la upande wa mjini, meli zimekaa pale bandarini kama vipande vya sabuni vimesahaulika kwenye beseni, na jua likianza kuzama ndo usiseme. Akishamaliza picha anaingia ndani anaomba maji ya kunawa, namwonyesha dumu na kopo. He! Maji yote yale halafu mnanawa na kopo?

Ndiyo, tunanawa na kopo. Na zamani mi mwenyewe nilikuwa nauliza hivyohivyo, nilihamia huku nimetoka kwetu Magu nikajua nakuja kuoga bomba asubuhi na jioni, kumbe ziwa kuwa karibu na ziwa kuwa chini yako ni vitu viwili tofauti kabisa.

Fundi bomba mmoja mzee wa hapa mtaani ndo alinielewesha, tena bila kunicheka. Akaniambia mwanangu, maji hayapandi mlima kwa hiari. Kila mita 10 unazotaka yapande inabidi uyasukume kwa presha ya bar 1, sasa hesabu mwenyewe kutoka ziwani mpaka hapa tulipo. Ziwa lenyewe liko kama mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, watu wa Mwanza tuko juu tayari hatujui tu, halafu sisi tukaona haitoshi tukapanda juu ya mawe tukajenga. Kwa hiyo maji yanatolewa ziwani, yanasafishwa, yanatiwa klorini, yanasukumwa na pampu kwenda kwenye tangi, kutoka kwenye tangi ndo yagawanywe, na pampu hizo zote zinakula umeme. Umeme ukikata kule kwenye pampu wewe huku taa yako inaweza ikawa inawaka vizuri tu unaangalia mpira, ila kesho bomba linakohoa. Tangu siku hiyo sijawahi tena kusema umeme ni tatizo lake na maji ni tatizo lake.

Nisiwe mchoyo wa fadhila, mambo si kama zamani. Miaka mingi mji mzima ulikuwa unategemea chanzo cha Capripoint, siku hizi kuna na cha Butimba, kile cha lita milioni 48 kwa siku, na ndugu zangu wa Buhongwa na Mkolani wanakiri kwamba wamepumua. Ila sisi wa mlimani habari yetu ni ya mwisho wa bomba. Wa chini akifungua, wa juu anakauka. Ndo maana maji yetu huja saa nane usiku, maana saa hiyo walioko chini wamelala, wamefunga koki zao, presha inapata nafasi ya kutukumbuka.

Ungekuwepo usikie yanavyokuja. Kwanza bomba linapiga mluzi, fyuuuu, hewa tupu, na ukimulika mita kwa tochi ya simu unaikuta inazunguka kama feni, yaani hata tone hujapata, upepo unaulipia. Fundi alinifundisha nisifungue koki yote mpaka mwisho, niilegeze kidogo tu hewa ipungue, nikisikia limeanza kutema ndo nifungue. Sasa mwenye nyumba wetu ana masikio ya paka, mluzi wa kwanza tu keshatoka na kanga yake anagonga madirisha, amkeni, yamekuja! Amkeni nyie watoto wa watu! Vyumba saba, bomba moja. Foleni ya ndoo inapangwa kuanzia jana yake jioni na usije ukasogeza ndoo ya mwenzio hata kidogo, huku watu wamewahi kununiana miezi mitatu kwa sababu ya beseni la bluu.

Kuna wakati akachoka, akaleta pampu. Ile ndogo ya kunyonya, anaiunga moja kwa moja kwenye laini. Nikamwambia mama, shikamoo, lakini hii hairuhusiwi, unawanyonya majirani na bomba likiwa na tundu mahali unavuta na uchafu wa mtaroni. Akaniitikia marahaba, akaniuliza mbona wewe huogi vumbi? Nikanyamaza. Haikukaa sana hata hivyo, na haikuondolewa na sheria, iliondolewa na LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla. Tunachangia mita moja ile nyumba nzima, na bei ile ya unafuu ni kwa wanaotumia umeme kidogo, wasiozidi unit 75 kwa mwezi, sasa vyumba saba vyenye feni na pasi na friji la mwenye nyumba halafu uweke na pampu, unit zinayeyuka. Ukinunua mara ya kwanza ya mwezi inakatwa na ile 1,500 ya kodi ya jengo, mpangaji aliyekuwa zamu anaona token imekuja pungufu, ugomvi. Pampu ikauzwa. Sijui nani anamnyonya nani sasa hivi.

Basi yasipokuja usiku tunanunua. Kule chini karibu na barabara kuna bomba la kuuza, dumu la lita 20 sh 100, likifika kwangu juu ni 500, siku za kiangazi kikali mpaka 700. Hiyo tofauti siyo maji, ni mlima. Dumu 50 ndo unit moja ya maji, yaani lita 1,000, piga mwenyewe hiyo hesabu, 25,000, bili ya bomba kwa maji hayohayo haifiki hata robo yake. Maskini wa mlimani ndo ananunua maji ghali kuliko mwenye bustani kule chini, na wala siongei kwa wivu, naongea kwa risiti ambazo sipewi.

Ila hela siyo inayonisumbua kichwa. Kinachonisumbua ni namna hayo maji yanavyofika.

Yanafika kwa boda. Dogo anafunga madumu sita, mawili kila ubavu na mawili nyuma, hizo ni kilo 120 ukiacha yeye mwenyewe, anapanda nazo njia ambayo nusu yake ni jiwe. Kupanda anapanda taratibu, pikipiki inalia kama inachinjwa. Hatari iko kwenye kushuka, maana anashuka madumu matupu, mepesi, anakimbilia tripu nyingine, na njia yetu inamwagika moja kwa moja kwenye barabara ya Kenyatta, hakuna pa kujipunguzia, ukimaliza mteremko uko kwenye lami na daladala za Nyegezi.

Na pale mwisho wa mteremko kuna mchanga. Mvua ikinyesha huku juu maji hayana pa kuingia, ni mawe na mabati na sementi, yote yanashuka, mtaro ulijaa zamani chupa na mifuko, kwa hiyo yanapita juu ya njia na yanabeba kila kitu, yakifika kwenye lami yanapunguza mwendo na yanamwaga mzigo. Asubuhi unakuta lami imevaa mchanga upana wa gari mbili, mzuri, mlaini kama wa kuchekecha. Ukiuangalia hutaogopa. Mwenye matairi mawili anajua.

Novemba iliyopita nilikuwa nimesimama palepale nasubiri gari ya mjini, saa moja kasoro hivi. Dogo mmoja wa maji, namjua, ndo huwa ananiletea, akashuka kama kawaida yake. Akabana breki ya mbele juu ya ule mchanga. Pikipiki ikalala na yeye ikamburuza mpaka katikati ya barabara, madumu yakakatika kamba yakaanza kubingirika kila upande, ngo ngo ngo, ile sauti ya dumu tupu kwenye lami, na daladala inakuja. Dereva akala kushoto nusura aingie mtaroni. Konda akaruka anatukana kabla gari halijasimama vizuri. Dogo akakaa kitako katikati ya barabara anauangalia mkono wake umechubuka mpaka kwenye kiwiko, na unajua neno lake la kwanza? Dumu zangu zimetimia? Kofia ngumu alikuwa nayo, imening'inia kwenye kioo cha pembeni, ilikuwa salama kabisa.

Yeye alipona. Wiki ileile akarudi kazini na bandeji. Lakini mi tangu siku hiyo najikuta naangalia wale wengine, watoto. Jioni wakitoka shule wanatumwa maji kulekule chini, kwa sababu mzazi akimtuma mwanae anaokoa mia nne. Hilo bomba la kuuza liko ng'ambo ya barabara. Pundamilia ya kuvukia ilikuwepo, siku hizi unaitambua kama unakumbuka ilipokuwa. Kwenda siyo shida sana, dumu tupu mkononi, shida ni kurudi. Jaribu siku moja kubeba dumu la lita 20 kichwani halafu geuza shingo uangalie kulia, kushoto, kulia tena kama tulivyofundishwa. Haigeuki. Inabidi ugeuze mwili mzima, na mtoto wa miaka kumi hawezi, kwa hiyo anafanya wanachofanya wote, anasikiliza. Anasimama pembeni anasikiliza muungurumo, akiona kumetulia anavuka mbio za kunyata na maji yanamwagikia usoni. Sheria inasema mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi. Tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe Juni 2025 naona mimi na macho yangu magari ya Sengerema na Geita yanapita na haraka zaidi, zamani walijua hata wakiwahi watakaa foleni ya kivuko, sasa hakuna cha kuwachelewesha isipokuwa sisi.

Tulilisema kwenye mkutano wa mtaa. Tukaambiwa barabara kuu ina wenyewe, njia ya mtaa ina wenyewe, maji yana wenyewe. Nikauliza na mtaro unaoziunganisha? Watu wakacheka, mwenyekiti naye akacheka, kikao kikahamia kwenye mchango wa taka. Sikuondoka siku ile na hasira, maana alikuwa anasema kweli, hana hela wala katapila. Lakini bomba la kuuza kuhamishiwa upande wetu wa barabara halihitaji katapila, nimelirudia hilo mara mbili, safari hii kwa maandishi, na mama mwenye nyumba ametia dole gumba lake chini ya majina, yeye na akina mama kumi na sita.

Huo mchanga nao, sikuwaambieni unakwenda wapi. Kila baada ya mvua vijana wawili wanakuja na mabeleshi na viroba, wanaukusanya, wanauacha ukauke kidogo. Jumamosi niliwakuta wanapatana bei na yuleyule dogo wa maji, mkono umeshapona. Alifunga viroba vinne mahali pa madumu akaanza kupanda, kuna mtu anajenga huko juu, juu kuliko sisi.