Siku moja na fundi wa pesa za wachawi, Kibuye

Saa moja asubuhi ni kuchekecha mchanga wa kutengenezea kalibu za sarafu na kuwasha makaa. Oda ni sarafu za mchezo wa kuigiza, ambamo wachawi wanaishi mafichoni hapa Kisumu na wana pesa zao. Wapita njia huuliza, "Fundi, umeanza kutengeneza pesa?" Sarafu hizi hazina ngao ya taifa, wala tembo wala simba, na ukubwa wake hauko karibu na shilingi. Kughushi pesa halali ni jela.

Saa mbili, mchanga. Finya konzi moja, uvunje: ukikatika vipande viwili safi, maji yametosha. Mchanga ukilowesha kiganja, mvuke utaacha matundu kwenye sarafu, au utakurushia chuma moto usoni.

Saa tatu, kuyeyusha. Sarafu za fedha ni alumini ya sufuria kuukuu, nyuzi 660. Za dhahabu ni brasi ya mifereji, inadai zaidi ya 900. Ukizidisha moto, zinki hutoka kama moshi mweupe. Usiuvute. Za shaba hukatwa tu kwenye bati la kopa.

Saa nne akafika mwalimu wa drama. "Fundi, mbona za fedha ni nyepesi?" Sarafu ya upana wa milimita 28 na unene wa 2.5 ni gramu 13 ikiwa brasi, 4 ikiwa alumini. Anataka uzito wa brasi kwa bei ya sufuria.

Tukaingia kwenye hesabu. Kwake dhahabu moja ni fedha 13, fedha moja ni shaba 7, kwa sababu eti wachawi hawahesabu kwa kumi. Sawa. Lakini ili mchezaji alipe bei yoyote chini ya dhahabu bila kudai chenji, anahitaji fedha 12 na shaba 6. Sarafu 18, mara wachezaji 30, ni 540. Ameagiza 200!

"Dhahabu moja iwe fedha 4, fedha moja iwe shaba 3, mwalimu. Kila mtu atahitaji fedha 3 na shaba 2, sarafu 5, jumla 150. Hamsini zinabaki za dhahabu."

"Kumi na tatu ndiyo ina uchawi."

"Basi lipia uchawi."

Chakula cha mchana kikapoa tukibishana. Akakubali 4 na 3.

Jioni ni tupa tu, na vidole vimekufa ganzi. Simu ikalia: sasa anataka tundu katikati, kama senti kumi za ukoloni. Kutoboa ni baada ya tupa, na bei yake ni kando.