Kumbukumbu ya mradi: chumba cha cherehani baada ya moto

Leo ni wiki ya tano tangu chumba changu cha kushonea kiungue, na leo ndiyo mara ya kwanza nimeshona gauni zima. Naandika nikiwa uani, hapa hapa Buguruni, Dar es Salaam, kwa sababu mlango bado haujafungwa na vumbi la lipu limejaa ndani.

Nianze na moto wenyewe. Ilikuwa Jumamosi jioni. Pasi na birika la umeme vilikuwa kwenye ekstensheni moja iliyoandikwa ampea 10. Hesabu nimeipiga baadaye: pasi wati 2,000, birika wati 2,000, gawanya kwa volti 230, unapata ampea 17 na ushee, wakati ekstensheni inabeba 10 tu. Waya ulipita chini ya meza, juu ya gunia la vipande vya vitambaa. Nilitoka kuchota maji. Kurudi, korido nzima inanuka plastiki na moshi unatokea chini ya mlango.

Watu walikuja mbio na ndoo. Kijana wa chumba cha mbele, anayechomelea mageti, akasimama mlangoni na kutandaza mikono: "Msimwage! Zimeni mein swichi kwanza!" Sitamsahau kwa hilo. Ukimwaga maji umeme ukiwa unapita, unaweza kuanguka wewe kabla moto haujazimika. Nje kulikuwa na lundo la mchanga la jirani anayejenga choo, basi ukabebwa kwa masufuria na mabeseni. Mtoto wa darasa la tatu alikuwa anajaza kopo la rangi. Tulishapiga 114, na zimamoto walipofika moto ulikuwa umekwisha chini, wakapanda kukagua juu kama kuna makaa yamejificha kwenye papi, zile mbao zinazoshikilia bati. Nyumba yetu ni ya vyumba sita, na kuta za ndani hazifiki kwenye bati. Moto ungeshika juu, ungetembea vyumba vyote.

Vilivyoungua: meza, dari ya chumba, bati mbili, mkanda wa cherehani, na vitambaa vya wateja saba.

Wiki ya kwanza mjumbe alipita na daftari. Elfu moja, elfu mbili, mia tano. Zilipatikana shilingi 186,500, na kila jina ninalo. Mama mwenye nyumba akanipa turubai la kufunika palipokuwa na bati, maana mawingu ya masika yalishaanza.

Hapo ndipo nilipotaka kukimbilia rangi. Nilijua wateja wakiona weusi ule ukutani hawarudi. Mzee mmoja fundi rangi, tunasali msikiti mmoja na familia yake, alinikuta nimeshika kitambaa kibichi. Nikamwamkia, akaitikia, akaninyang'anya kitambaa taratibu. "Mwanangu, masizi hayaanzwi kwa maji. Yakilowa yanazama kwenye lipu, utapaka rangi mikono mitano na bado yatatokeza." Tukafagia ukuta mkavu kwa brashi, kuanzia juu kushuka, siku mbili. Sabuni ikafuata baadaye. Kisha akagonga ukuta wote kwa mpini wa nyundo, sikio karibu. Sehemu kubwa ililia kavu na fupi. Juu ya palipokuwa na meza ililia kama ngoma, na lipu ilikuwa imegeuka rangi ya waridi. Aliniambia ukiona rangi ile, joto limeshakula saruji. Tukaibomoa mpaka kwenye tofali na kupiga upya.

Hata hapo hakuniruhusu kupaka. "Umeme kwanza."

Mpwa wa mama mwenye nyumba ni fundi umeme. Alipofungua soketi yangu, skrubu ilikuwa imelegea na ncha ya waya imekuwa nyeusi, ikamomonyoka mkononi mwake. Waya wa ukutani ulikuwa wa milimita 1.5, wa kutumia kwenye taa. Soketi zilihitaji 2.5. Breka, ile inayokata umeme ukizidi, ilikuwa ya ampea 32. Nilimuuliza mbona haikukata? "Dada, 17 kwa breka ya 32 ni kidogo. Yenyewe haijui kama huku mbele umechomeka kiwaya chembamba." Maneno hayo yaliniuma, na ndiyo yaliyonifanya niandike kumbukumbu hii.

Akaomba ruhusa ya kufungua soketi za vyumba vingine. Mbili zilikuwa zimeanza kuungua kwa ndani, na moja kati ya hizo iko kwenye kitanda cha mtoto. Wapangaji wote wakachangia waya, tukaununua Kariakoo. Ya ufundi hakuchukua hata senti. Sasa soketi zina breka yake ya ampea 16. Pasi inachomekwa ukutani, peke yake.

Cherehani ni ya miguu, kwa hiyo nilikuwa nayo uani wakati huo wote. Unyevu na masizi viliipiga kutu kwa siku tatu tu. Gurudumu lilikataa kabisa. Nilidondosha mafuta ya taa kwenye kila tundu la mafuta, nikaiacha usiku kucha, asubuhi nikajaribu: robo duara. Nikaongeza. Siku ya nne likazunguka zima, maji ya kahawia yakitiririka kwenye nguzo ya sindano, nami nikaita watu waje waone. Kisha mafuta ya cherehani, mkanda mpya wa ngozi, boksi mpya ya bobini.

Kwa wateja saba nilikwenda mwenyewe, nyumba kwa nyumba, na daftari mkononi. Nilitetemeka. Wa kwanza, mama muuza samaki, hakuniacha nimalize: "Fundi, kitenge kinanunuliwa. Wewe umepona?" Hata hivyo nimemwandika, na yeye ndiye niliyemlipa mwanzo. Gauni la leo ni lake.

Vimelipwa vitambaa vinne, vimebaki vitatu. Kesho seremala analeta mlango kutoka Keko, na mzee ameahidi kuja baada ya alasiri na kopo la rangi.