Mbolea ya urea ifukie, usiimwage juu

Kwenye miteremko kama ya Umalila, mkoani Mbeya, panda mahindi sentimita 75 kwa 30, mbegu moja kila shimo: karibu miche 18,000 kwa ekari. Mfuko wa urea wa kilo 50 unaupa kila mche gramu 3 hivi, yaani nusu kizibo cha soda. Iweke mahindi yakifika magotini, udongo ukiwa na unyevu, kwenye kishimo pembeni mwa shina, kisha fukia. Ikigusa shina, inaunguza. Ukiiacha juu, sehemu inageuka gesi ya amonia na kupotea hewani (ile harufu kali ni pesa yako), na mvua kubwa inasomba nyingine hadi mtoni. Matuta yakingame mteremko, yasishuke nao. Na mabua jamani, msichome! Yalazeni katikati ya mistari.