Kiunganishi cha Redio Kaseti ya Zamani

Redio kaseti niliyorithi kwa marehemu baba ilinyamaza, na nilipoifungua nikakuta kiunganishi cha plastiki cha nyaya za spika, chenye pini 5, kimepasuka. Kabla ya kwenda Kariakoo nilipima kwa rula umbali kutoka pini ya kwanza hadi ya mwisho, kisha nikagawanya kwa 4, kwa maana baina ya pini 5 zipo nafasi 4; nikapata milimita 2.5. Kipimo hicho ndicho cha kushikilia, kwani kiunganishi cha milimita 2 hufanana nacho machoni lakini hakiingii asilani. Muuzaji mmoja alinishauri nilehemu nyaya moja kwa moja kwenye bodi, ushauri nilioukataa, kwa kuwa kila matengenezo yangedai kuyeyusha risasi upya. Hatimaye nilikipata kwenye televisheni bovu, kibandani kwa fundi.