Sensa ya haidrojeni inayojisafisha, na unyevu wa Mombasa

Sensa hii ni ya chumba cha kuchajia betri. Haidrojeni ikifika asilimia 4 ya hewa, cheche moja inatosha kuilipua. Kinachoihisi ni mirija ya dioksidi ya titani, yenye upana wa nanomita mia hivi, iliyosimama kama nywele za brashi.

Nilisafisha kibati cha titani cha milimita 0.25 kwa asetoni, kisha ethanoli. Mchanganyiko: mililita 98 za ethilini glaikoli, 2 za maji yaliyokenekwa na gramu 0.33 za floridi ya amoniamu. Kibati kwenye chanya ya umeme, platini kwenye hasi, volti 60, saa moja: hapo mirija huota juu ya kibati. Tumia chombo cha plastiki, maana floridi hula kioo. Glavu usivue, na jeli ya kalsiamu glukoneti, dawa ya kupaka floridi ikigusa ngozi, iwe karibu.

Vibati vya mwanzo viliharibiwa na hewa yetu. Glaikoli hunyonya unyevu. Chupa ikikaa wazi Mombasa, ile asilimia 2 ya maji haibaki 2. Maji yakizidi, mirija hutoka mifupi. Sasa napima, namimina, naziba papo hapo, na chombo nakifunika kazi ikiendelea.

Suuza kwa ethanoli. Maji yakikauka huvuta mirija ikagandana kama nywele zilizolowa. Kisha oka nyuzi 450 kwa saa 2, joto likipanda polepole. Bila hivyo hakuna fuwele, na sensa haitajisafisha. Juu yake paladi, metali inayonasa haidrojeni, nanomita 10 tu.

Ncha mbili za platini za kupimia ukinzani, ambao hushuka haidrojeni ikifika, hukandamizwa juu kwa springi. Ukikaza mno zinatoboa hadi kwenye titani yenyewe: mita inasoma omu chache na haitikisiki hata gesi ikipita.

Kuhusu kujisafisha, nilipaka utando mwembamba wa oili ya injini, sensa ikanyamaza. Usiku kucha chini ya taa ya urujuanimno ya nanomita 365, ikarudi kazini, kwani mwanga huo huifanya dioksidi ya titani iozeshe oili iwe kabonidioksidi na maji. Oili nene ifute kwanza, mwanga haupenyi. Usipime mara tu ukizima taa: mwanga wenyewe hushusha ukinzani, subiri utulie.

Chumvi ya bahari taa haiigusi. Hiyo huoshwa kwa maji yaliyokenekwa, na umalizie kwa ethanoli. Na boksi la sensa usilizibe kwa silikoni. Mvuke wake ukioza juu ya mirija huacha silika, kitu kile kile cha mchanga, na silika haiondoki kwa taa.